Tom Mboya: Msee wa Rusinga Aliyewakalisha Wadosi Mezani

Reli haijawahi kufika Homa Bay. Migori pia, zii. Chukua ramani ya Kenya ufuate ile laini ya zamani: inatoka Mombasa, inapita Voi, inapiga Nairobi na Nakuru, halafu inateremka hadi Kisumu na kugota kwenye maji. Iligota hapo mwaka wa 1901. South Nyanza yote, yaani hizi Homa Bay na Migori za leo, ikabaki ng'ambo ya ghuba.

Lakini usidhani watu wa huko hawakuijua reli. Meli za Ziwa Victoria zilikuwa za reli pia. Zilikuwa zinatia nanga Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, zinashusha mizigo na kubeba maboyz wanaoenda kusaka doo. Kazi ya mshahara karibu na ocha ilikuwa ya kutafuta na tochi, labda upate kibarua kwenye mgodi wa Macalder kule Migori. Kwa hivyo msee anapanda meli na kasanduku kake, anafika Kisumu, anaingia treni, na siku chache baadaye yuko Nairobi kwenye karakana ya reli, ama yuko Mombasa na gunia begani. Wajaluo walijaa kwenye reli na bandari. Mitaa kama Muthurwa na Makongeni ilijengewa wafanyakazi wa reli, na majina ya Nyanza yalikuwa kila mlango.

Ndio maana haifai kukushangaza kwamba jamaa aliyefanya mfanyakazi na mdosi wakae meza moja Kenya hii alikuwa mtu wa kisiwa cha Rusinga. Huyo ni Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Wewe unamjua kama jina la street yenye mat zinapiga honi kutoka asubuhi, na ile sanamu ya Moi Avenue. Pengine pia unajua alivyouawa. Kuna sehemu ya story yake ambayo watu huruka, na ndiyo inayokuhusu zaidi kama unapiga wera ya mshahara, ama uko kwa ile kandarasi ya miezi mitatu isiyoisha.

Mtoto wa shamba la mkonge

Mboya hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika. Mbuyu wake, Mzee Leonardus Ndiege, alikuwa ametoka kisiwani kwenda kutafuta kazi kwenye shamba la mkonge la mzungu. Kijana alikulia kwenye kambi ya wafanyakazi, mahali ambapo mwenye shamba ndiye anasema utalipwa ngapi, utalala wapi na utatoka lini. Hakuna kitu kama kujadiliana. Ukikataa, kuna mwingine nyuma yako kwa laini.

Shule alizunguka: Kabaa kule Ukambani, St Mary's Yala kule Nyanza, kisha Mang'u. Alikuwa sharp, lakini karo ikakatika. Story unaijua, kwa sababu iko kwa kila familia: wadogo wako nyuma, na mzee hana. Kwa hivyo mwaka wa 1948 akaingia mafunzo ya ukaguzi wa afya hapo Jeanes School, Kabete, na 1951 akaanza kazi na City Council ya Nairobi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya maana. Anakagua maduka ya chakula, anapima maziwa, anahakikisha mji haufi na kipindupindu. Sasa cheki hii. Mkaguzi mzungu aliyekuwa akifanya kazi hiyo hiyo alikuwa analipwa karibu mara tano ya mshahara wake. Mji ni uleule, na maziwa ni yaleyale.

Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe baadaye. Alikuwa peke yake ofisini akipima maziwa, mama mmoja wa kizungu akaingia na chupa yake, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu hapo. Mboya akamuuliza kwa upole kama macho yake yana shida. Yule mama akawaka, akaenda kumshtaki. Watu husimulia hii kama kichekesho, lakini fikiria iko na maana gani kwenye mazungumzo ya kazi. Kama mdosi hakuoni, utamwomba nyongeza vipi? Kitu cha kwanza ni akuone.

Kutoka chai na mpira hadi chama

Wafanyakazi Waafrika wa City Council walikuwa na kitu kinaitwa African Staff Association. Waajiri wakubwa wa enzi hizo, hasa wale wa serikali, walipenda sana jumuiya za namna hii. Zinapanga mechi ya mpira, zinachangia mazishi, zinapeleka ombi kwa barua yenye heshima nyingi, halafu zinangoja. Mdosi akijisikia atajibu. Asipojisikia, basi.

Mwaka wa 1952 Mboya akachaguliwa rais wa hiyo jumuiya, na hakukaa sana kabla aigeuze kuwa chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa, Kenya Local Government Workers' Union. Unaweza kufikiri ni jina tu lilibadilika. Hapana. Jumuiya inaomba. Chama kilichosajiliwa na kutambuliwa na mwajiri kinajadiliana, na kikishapata makubaliano, yanaandikwa na kuwekwa sahihi. Mdosi hawezi kuamka Jumatatu akasema amebadilisha mawazo.

Na usifikiri hii ilikuwa kazi salama. Wale waliomtangulia waliumia. Januari 1947 Mombasa ilisimama kabisa: wafanyakazi wa bandari, reli, hoteli na hata majumbani waligoma pamoja. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa kizuizini Kabarnet. Makhan Singh, Mhindi aliyejenga vyama vya wafanyakazi Nairobi, alikamatwa Mei 1950 na hakuachiliwa hadi 1961. Miaka kumi na moja bila kesi ya maana, kwa kosa la kuwaunganisha wafanyakazi.

Kisha Oktoba 1952 ikaja hali ya hatari. Chama cha KAU kikapigwa marufuku 1953. Aprili 1954 wanajeshi wakazingira Nairobi kwenye ile operesheni ya Anvil na kubeba maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, na viongozi wengi wa vyama wakaenda na hiyo wimbi. Katikati ya moto huo, kijana wa miaka 23 ndiye alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kazi aliyoianza 1953. Ni kweli alikuwa na bahati kwamba kabila lake halikuwa linasakwa kwenye ile misako. Lakini bahati pekee haitoshi. Wakati siasa ya Mwafrika ilikuwa imefungwa mdomo, chama cha wafanyakazi kilikuwa karibu mlango pekee uliobaki wazi, na yeye alijua kuutumia bila kuupigisha kelele hadi ufungwe.

Mombasa, Machi 1955

Hapa ndipo jina lake lilipovuma. Bandari ya Kilindini ilikuwa chini ya East African Railways and Harbours, lile shirika kubwa la umma lililoendesha reli, bandari na meli za ziwa kwa nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Kupakia na kupakua mizigo kwenye meli kulikuwa mikononi mwa kampuni zilizofanya kazi humo ndani. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari wakaweka vitu chini. Hali ya hatari bado iko, na serikali ina wanajeshi wa kutosha. Mgomo kama huo ungeweza kuzimwa kwa rungu na viongozi wakapotea kama Kibachia.

Mboya akashuka Mombasa kutoka Nairobi. Jaribu kujiweka kwa viatu vyake. Upande mmoja una wanaume wamechoka, hawana doo, na njaa inaanza kubisha mlango. Wanataka pesa kabla ya kurudi kazini. Upande mwingine una wadosi wanaosema hawaongei na mtu yeyote mpaka kazi ianze. Kila upande unataka mwingine atangulie. Ukiwaambia wafanyakazi warudi, utaitwa msaliti. Ukiwaambia wakae nje, makarao watakuja.

Alichofanya ni kuwashawishi wafanyakazi warudi, huku waajiri wakikubali madai yaende kwa usuluhishi, kwa watu wasio wa upande wowote. Hebu ona ugumu wake: unamwambia msee mwenye hasira arudi kubeba gunia akiwa na ahadi tu mkononi. Hilo linawezekana tu kama anakuamini. Walimwamini, na uamuzi ulipotoka mishahara ikapanda kwa karibu theluthi moja. Ukitaka kujua hiyo ni ngapi, chukua mshahara wako wa sasa uugawe mara tatu, halafu ujiongezee sehemu moja.

Baada ya hapo kila mwajiri Kenya alijua huyu kijana ni nani. Mwaka huohuo akaenda kusoma Ruskin College, Oxford. Aliporudi, Machi 1957 akashinda kiti cha Nairobi kwenye baraza la kutunga sheria. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, ndiye alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote kule Accra. Septemba 1959 wanafunzi 81 wakapanda ndege kwenda vyuo vya Marekani kwa mpango aliousukuma yeye. Hiyo sehemu ndiyo hupigwa picha sana. Sisi turudi kwa reli.

Ugumu wa mdosi ambaye ni serikali

Mwisho wa 1959 wafanyakazi Waafrika wa reli waligoma Kenya. Mapema 1960 wenzao wa Tanganyika wakafuata, na mgomo wao ukaenda siku 82. Karibu miezi mitatu bila mshahara. Kwa nini reli ilikuwa ngumu hivyo?

Kwanza, mwajiri alikuwa mmoja lakini vyama vilikuwa vya kila nchi. Ukisukuma Nairobi, mdosi anasema hawezi kukupa bila kuwapa wa Kampala na Dar es Salaam pia. Pili, kwa miaka mingi ngazi za kazi zilifuata rangi: mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kwa hivyo kudai nyongeza kulikuwa pia ni kudai hiyo ngazi ivunjwe, na mwenye ngazi hakuwa na haraka.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: mdosi wa reli ni serikali. Ukikosana na mwenye duka, unaweza kwenda kwa ofisa wa leba. Ukikosana na reli, aliyekuajiri, anayetunga sheria ya mgomo, anayemtuma refa na anayetuma polisi wanakula sahani moja. Utamshtaki nani kwa nani? Hata leo, muulize daktari wa kaunti ama lecturer wa chuo cha umma, atakuambia hiyo shida haijaenda mahali.

Dawa aliyoamini Mboya ilikuwa utaratibu. Pawe na hatua zinazojulikana kabla ugomvi haujaanza, zilizoandikwa na kukubaliwa na pande zote, ili haki ya mfanyakazi isitegemee kama waziri ameamka vizuri.

Karatasi ya 1962

Mwaka wa 1962, kwenye serikali ya mseto kabla ya uhuru, Mboya akawa Waziri wa Leba. Nchi ilikuwa inachemka kwa migomo. Kila mtu aliona uhuru unakuja na alitaka chake mapema. Tarehe 15 Oktoba 1962 pande tatu zikaweka sahihi hati inayoitwa Industrial Relations Charter: serikali, shirikisho la waajiri na shirikisho la wafanyakazi.

Ndani yake kulikuwa na nini? Waajiri walikubali kutambua vyama na kuacha kuwaandama wafanyakazi kwa sababu ya kujiunga. Vyama vilikubali kuacha vitisho na migomo ya ghafla. Wote walikubali kwamba ugomvi unaanza kwa mazungumzo hapo kazini, ukishindikana unapanda ngazi hadi usuluhishi. Mwaka wa 1964 ikaja Industrial Court, ya kuamua yale yaliyoshinda mezani.

Umeona bei? Mdosi alifungwa na hiyo karatasi, lakini mfanyakazi alifungwa pia. Silaha yake kubwa, kuacha kazi asubuhi moja bila kumwambia mtu, iliwekwa kwenye kabati na funguo zikapewa utaratibu. Kuna wana vyama waliokasirika sana. Walisema Mboya amewauza, na wengine wakamkumbusha kwamba jumba la shirikisho lao, Solidarity kule Digo Road, lilijengwa kwa msaada wa vyama vya Marekani. Waliomtetea walisema bila hiyo karatasi mnyonge angeendelea kuumia kila mara serikali ikichoka kuvumilia.

Wote walikuwa na pointi, na miaka iliyofuata ilionyesha hivyo. Baada ya uhuru, serikali aliyokuwa ndani yake ilizidi kukaza. Mwaka wa 1965 mashirikisho yaliyokuwa yakipigana yalivunjwa, COTU ikaundwa, na Rais akapewa sauti katika kuchagua katibu mkuu wake. Sheria mpya ya mizozo ya kazi ikaifanya kugoma kihalali kuwe safari ndefu. Mboya, sasa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alikuwa upande wa wale waliosema vyama visaidie kujenga nchi kwanza. Yule aliyewahi kushuka Mombasa kusimama na watu wa bandari sasa alikuwa ndani ya serikali ambayo ndiyo mdosi. Hatuwezi kumfanya malaika. Alijenga meza, lakini ilipofika zamu ya serikali yake kukaa upande wa pili, mizani iliegemea kwake.

Risasi na kisiwa

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, mchana, Mboya alikuwa anatoka duka la dawa la Chhani kwenye Government Road, hiyo Moi Avenue ya leo. Akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alishtakiwa, akapatikana na hatia na kunyongwa mwaka huohuo, lakini swali la nani alikuwa nyuma yake halijawahi kulala. Nairobi na Nyanza ziliwaka kwa hasira. Mwili ulipelekwa hadi Rusinga, na kaburi lake limejengewa jumba lenye umbo la risasi. Ukifika Mbita, vuka uende ulione. Kule Homa Bay mjini kuna chuo kikuu chenye jina lake.

Na wewe je?

Shirika la reli alilolijua lilisambaratika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 1977, kila nchi ikabeba mabehewa yake. Ile karatasi ya 1962 ilikuja kufanyiwa marekebisho, lakini mifupa yake bado iko. Ukisikia chama kimetoa notisi ya mgomo ya siku saba, ukisikia CBA, ukisikia mahakama ya leba imewaambia warudi mezani, hapo unaona mambo yaliyoanzia kwa wale wasee wa miaka ya sitini. Na kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kimekupa kile ambacho Kibachia na Singh walifungiwa: haki ya kujiunga na chama, kujadiliana kwa pamoja, na kugoma.

Shida ni kwamba wengi wetu hatuko kwenye hiyo meza. Msee wa boda anayebeba chakula cha watu kwa programu ya simu hana mdosi wa kumwandikia barua. Manzi wa duka ana mkataba wa mdomo. Kijana wa mjengo analipwa jioni kama foreman hajakasirika. Kwa hao, karatasi ya 1962 ni story ya wengine, vile reli ilivyokuwa ya wengine kule Homa Bay na Migori.

Lakini kumbuka Mboya alianzia wapi. Hakuanza na shirikisho wala wizara. Alianza na kajumuiya ka chai na mpira ambako wadosi hawakukaogopa hata kidogo. Alihesabu waliomo, akawafanya waaminiane, akakasajili, ndipo akabisha. Kwa hivyo wiki hii uliza maswali matatu tu hapo kwako kazini: tuko wangapi, nani kati yetu anaaminika na wote, na kuna lolote tumewahi kuandikiana na mdosi? Ukipata jibu la hayo matatu, uko karibu na Mombasa ya 1955 kuliko unavyodhani.